Kwa wabunge wa Kinondoni na Temeke, kuhusu kifungu cha 197



Siku ya kuona mahabusu, foleni ya nje ya Gereza la Keko huanza mapema. Wengi ni wanawake. Wamebeba hotipoti zilizofungwa kwa kanga, chupa za maji, sabuni ya kipande. Mitaa ya jirani mafundi samani wameshaanza kupiga randa na harufu ya mbao mbichi inachanganyika na ya wali. Akifika getini, mama hufungua chakula chake mbele ya askari na kuonja kijiko cha kwanza mwenyewe, ndipo kiruhusiwe kuingia. Mmoja wao, kutoka Mbagala Rangi Tatu, amefanya hivyo mara nyingi mno, siku hizi hangoji kuambiwa.

Mwanawe ana kesi ya mauaji, na kesi ya mauaji haina dhamana. Kila baada ya wiki mbili kijana hupakiwa kwenye karandinga na wenzake, hupandishwa kizimbani, na hakimu humwambia asijibu lolote kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri lake. Wakili wa serikali husimama na kusema upelelezi haujakamilika. Hupangwa tarehe nyingine. Wapo walioingia hivyo wakiwa hawajaota ndevu, na sasa ndevu zina mvi.

Barua hii haisemi kwamba kijana huyo hana hatia. Inasema kwamba siku Mahakama Kuu itakapomtia hatiani, kwa haki au kwa makosa, jaji atakuwa na adhabu moja tu ya kutamka. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinaamuru kwamba aliyeua kwa kukusudia ahukumiwe kifo, na kifo chenyewe ni kwa kunyongwa. Wanaosalimika ni mjamzito na aliyekuwa hajafika miaka 18. Kwa wengine wote, jaji haulizwi kama huyu ni mkosaji wa mara ya kwanza, alichokozwa vipi, alishiriki kiasi gani, wala kama ushahidi uliomtia hatiani ulikuwa mzito au ulipenya kwa tundu la sindano. Wakili akiomba mteja wake apunguziwe adhabu, anaomba kitu ambacho jaji hana uwezo wa kukitoa.

Kifungu hicho ni sheria ya Bunge. Kilitungwa na kinaweza kurekebishwa kwa kura zenu, bila kugusa Katiba. Na ninyi ndio mnaoandikiwa kwanza, kabla ya mawaziri, kwa sababu ni katika mitaa ya upande wenu wa jiji ambako nchi hii imeonyeshwa kwa uchungu jinsi mtu anavyoweza kuvikwa hatia isiyo yake.

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini walitoka Mahenge, wilayani Ulanga, wakaja Dar es Salaam kwa biashara yao. Walikamatwa na polisi Sinza pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwaendesha. Tarehe 14 ya mwezi huo wote wanne walikuwa maiti. Polisi walitoa taarifa kwamba hao ni majambazi waliouawa katika kurushiana risasi. Jiji lilikuwa limechoka na ujambazi, na taarifa ya namna hiyo haikuwa ngumu kuaminika.

Ndugu zao hawakuiamini. Walilalamika mpaka kilio kikafika Ikulu, na Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Ikabainika kwamba waliouawa hawakuwa majambazi hata kidogo. Walikuwa wamepelekwa katika msitu wa Pande, Mbezi Luis, wakapigwa risasi. Watu wanne waliokuwa na biashara, gari, wake na watoto walikuwa wamepewa jina la ujambazi, hukumu na adhabu ndani ya saa chache. Wafu hawakatai tuhuma. Kama ndugu zao wangekubali kuzika na kunyamaza, jina hilo wangelala nalo kaburini mpaka leo.

Kisha ikaja kesi, na hapa Waheshimiwa mnaombwa msome taratibu. Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam, alishitakiwa kwa mauaji pamoja na askari wenzake. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru yeye na wenzake waliokuwa wamebaki kizimbani. Serikali ikakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba Zombe hana hatia, ila ofisa mmoja miongoni mwao anayo, na ofisa huyo ikamhukumu kunyongwa hadi kufa.

Ushahidi ulikuwa ule ule na mashahidi wale wale. Jaji aliyewaona mashahidi hao kwa macho yake, akasikia sauti zao zilivyotetemeka au kukakamaa, aliona haujatosha kumtia mtu yeyote hatiani. Majaji wa rufani waliosoma kumbukumbu za shauri lile lile, miaka saba baadaye, wakaona unatosha kwa mmoja. Hakuna aliyefanya hila katika hilo. Rufaa ndivyo inavyokwenda, na wenye kufiwa walikuwa na kila haki ya kuitaka. Kinachotisha ni umbali kati ya majibu hayo mawili. Jibu la kwanza lilimrudisha mtu nyumbani kwake. La pili lilimpeleka kwenye kitanzi. Katikati palikuwa wazi, kwa kuwa sheria haikuweka kitu hapo.

Si mbali na alipokamatwa dereva wa teksi, pale Sinza Vatican, ndipo alipofariki mwigizaji Steven Kanumba tarehe 7 Aprili 2012. Nchi nzima inakumbuka. Mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, aliyejulikana kwa jina la Lulu, alifikishwa Mahakama ya Kisutu akasomewa shitaka la mauaji. Hati ya mashitaka ilimtaja kuwa na miaka 18. Upande wake ulisema ana 17. Ubishi huo wa mwaka mmoja ulipanda hadi Mahakama ya Rufani, na haukuwa ubishi wa makaratasi tu. Mwaka huo mmoja ndio mpaka ambao sheria imeuchora kati ya anayeweza kunyongwa na asiyeweza. Sasa ingieni nyumba yoyote ya Yombo au Tandale mkaulize vyeti vya kuzaliwa vya wapangaji wote, mhesabu wangapi watavitoa.

Baadaye shitaka likabadilishwa likawa la kuua bila kukusudia. Lulu akapata dhamana Januari 2013, na Novemba 2017 akatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka miwili. Barua hii haina ubishi na hukumu hiyo. Inauliza tu juu ya wale ambao shitaka lao halikubadilishwa, waliogombana baa usiku, wakasukumana, mmoja akaanguka vibaya, na hakuna gazeti lililoweka picha zao ukurasa wa mbele. Kukusudia ni jambo la moyoni. Jaji hulikisia kwa kuangalia silaha, sehemu ya mwili iliyopigwa, maneno yaliyosemwa, kukimbia au kutokukimbia. Na makisio hayo ndiyo yanayotenganisha miaka miwili na kitanzi.

Majaji wenyewe wamekiri kwa muda mrefu kwamba njia ina mashimo. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na si wa kuaminika kirahisi, ikaweka maswali ambayo kila jaji lazima ayaulize: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, usiku au mchana, kwa mwanga wa aina gani, na je, alikuwa akimfahamu kabla? Maswali hayo yangali yanaulizwa leo, na yawekeni Mbagala saa nane ya usiku, umeme umekatika. Mlango unavunjwa kwa jiwe kubwa. Mwanga uliopo ni wa tochi, na aliyeishika ni mvamizi, kawamulika wenye nyumba machoni. Watu watatu wanaingia, sauti moja inaamrisha simu na pesa, baba mwenye nyumba anapigwa panga, mama amelala kifudifudi na kumfunika mtoto. Dakika nne, tano. Asubuhi polisi wanamwuliza mama ni nani. Anataja kijana wa mtaa wa pili kwa sababu umbo lilifanana, kwa sababu juzi alipita akichungulia dirishani, kwa sababu mtaa mzima unasema ni yeye. Mama huyo hasemi uongo. Ameona alichokiona, na amejaza palipobaki kwa hofu na kwa maneno ya majirani.

Baada ya utambuzi huja maelezo ya onyo, yale mshitakiwa anayoandikiwa na askari kituoni. Sheria imetoa saa nne za msingi za kumhoji, zikihitajika zaidi ziombwe kwa utaratibu, na inataka aliyekiri awe amekiri kwa hiari. Mara kwa mara Mahakama ya Rufani imeyatupa maelezo ya namna hiyo kwa kuwa yaliandikwa nje ya muda au kwa kuwa hiari haikuonekana. Imefuta pia kesi nyingi za mauaji kwa sababu wazee wa baraza waliokaa na jaji hawakuelekezwa ipasavyo, hadi sheria ilipobadilishwa na kutolazimisha tena kuwapo kwao. Haya ni makosa yaliyoonekana kwa kuwa faili lilibahatika kufika mbele ya macho makini. Na kuna lugha: mtu aliyehukumiwa kabla ya 2021, mwaka ambao Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama, mara nyingi aliandikiwa hukumu yake ya kifo kwa Kiingereza, na akamwomba mwenzake wa selo amsomee ni kwa nini anakufa.

Na wakili? Asiye na uwezo hupangiwa. Wapo mawakili waliojitolea kwa moyo katika kesi hizo, na wanastahili heshima. Wapo pia washitakiwa waliomwona wakili wao kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi, wakazungumza naye dakika chache kwenye korido huku askari amesimama pembeni.

Mtasema makosa hayo hurekebishwa kabla hayajaua. Muulizeni Edmary Mpagi wa Uganda. Alikamatwa mwaka 1981 pamoja na binamu yake, na mwaka 1982 wakahukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtu ambaye hakuwa amekufa. Anayedaiwa kuwa marehemu alikuwa hai, anakula na kulala. Binamu alifia gerezani. Mpagi alikaa gereza la Luzira akisikia wenzake wakichukuliwa, hadi alipotolewa kwa msamaha mwaka 2000. Miaka 18. Huko Japani, nchi yenye maabara na wapelelezi wa kila aina, Iwao Hakamada alihukumiwa kifo mwaka 1968, na ni Septemba 2024 ndipo mahakama ilipomsafisha, ikisema ushahidi dhidi yake ulikuwa umetengenezwa. Alikuwa na miaka 88.

Tanzania ilikuwa na nafasi ya kuwa mbele katika jambo hili. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, katika shauri la Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Mapema mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Augustino Ramadhani, ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikasema Katiba yenyewe, katika ibara ya 30, imeacha mlango wa kuihifadhi kwa maslahi ya jamii. Majaji wa Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini waliisoma hukumu hiyo miezi michache baadaye walipokuwa wakiifuta adhabu ya kifo kwao. Huku nyumbani ulibaki uamuzi usio wa kawaida: mahakama ya juu kabisa imesema adhabu hii ni ya kikatili, na adhabu inaendelea kutolewa.

Inaendelea kutolewa, lakini haitekelezwi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Rais John Magufuli alisema hadharani Septemba 2017, siku alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, kwamba asipelekewe orodha ya watu wa kunyongwa. Desemba ya mwaka huo huo, siku ya Uhuru, aliwasamehe wafungwa 61 waliokuwa wakisubiri kitanzi.

Kwa hiyo wengine huuliza: kama hawanyongwi, kelele za nini? Kelele ni kwa sababu uhai wa mamia ya watu umewekwa juu ya huruma ya mtu mmoja na kalamu yake, na huruma si sheria. Rais hubadilika. Aliyehukumiwa hajui kama ajaye atakuwa na moyo kama wa aliyetangulia. Kila funguo zinapogonga mlango saa isiyo ya kawaida, anahesabu. Mtu aliyekosewa na mahakama anaishi katika hali hiyo pamoja na aliyeua kweli, na hakuna anayeweza kuwatofautisha kwa kuwatazama.

Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini, Arusha, iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo isiyompa jaji hiari inavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu wa mtu. Ikaiagiza Tanzania iirekebishe sheria ndani ya mwaka mmoja. Siku chache kabla ya hukumu hiyo, Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu wananchi wake kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Mwaka ule ulipita na kifungu kikabaki vile vile. Mahakama hiyo imerudia agizo lake katika mashauri mengine kadhaa, mengine ya watu wanaosubiri katika gereza la Butimba, Mwanza.

Majirani hawakungoja hivyo. Mahakama ya Juu ya Uganda iliondoa ulazima huo Januari 2009 katika shauri la Susan Kigula, na wafungwa wakarudishwa mbele ya majaji kupangiwa adhabu upya. Ya Kenya ilifanya hivyo Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu kwa kosa la mauaji. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, Burundi mwaka 2009, Zambia mwaka 2022, Zimbabwe mwishoni mwa 2024.

Na si wageni tu wanaosema. Tume ya Haki Jinai iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi nzima ikakabidhi ripoti yake Julai mwaka huo. Imependekeza mahakama ipewe adhabu mbadala kwa kosa la mauaji, na anayekaa miaka mitatu bila hukumu ya kifo kutekelezwa ageuziwe kuwa kifungo cha maisha. Ripoti hiyo mnayo.

Kuna jambo ambalo kila mmoja wenu analijua na huenda ndilo linalowafanya mnyamaze. Wapiga kura. Mzazi wa Manzese aliyezika mtoto wake aliyechomwa kisu kwa sababu ya simu hataki kusikia habari za utu wa muuaji, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Huambiwa pia kwamba kitanzi kikiondoka watu watajichukulia sheria mkononi. Lakini kitanzi kipo siku zote hizi, na bado vilio vya "mwizi!" vinaishia kwenye tairi na petroli, na gazeti la kesho yake linaandika "wananchi wenye hasira kali". Miongoni mwa waliochomwa wamo waliokuwa wakikimbilia daladala. Mtaa hutambua mtu vile vile kama yule mama aliyevamiwa usiku alivyomtambua mvamizi gizani: kwa umbo, kwa hofu, kwa maneno ya jirani. Kitakachompa mfiwa nafuu ni upelelezi unaompata aliyeua kweli, kwa haraka, na kumweka ndani. Akinyongwa mwingine, aliyeua anabaki mtaani na anapita mbele ya nyumba ya msiba.

Na si mauaji peke yake. Uhaini nao unaweza kuadhibiwa kwa kifo, nao hauna dhamana. Novemba 2025, baada ya vurugu za uchaguzi, watu zaidi ya 200 walisomewa shitaka hilo jijini. Kabla mwezi haujaisha wengi wao waliachiwa. Heri kwao. Lakini shitaka linaloweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi lilipandishwa na kushushwa ndani ya wiki chache kwa watu wengi kiasi hicho, na mama zao walilala bila usingizi kwa siku zote hizo.

Mwandishi wa barua hii angependa kuona adhabu ya kifo imefutwa yote, na hafichi hilo. Lakini linaloombwa kwenu leo ni dogo zaidi na halihitaji kungoja Katiba Mpya. Leteni bungeni marekebisho yanayoondoa ulazima katika kifungu cha 197, ili jaji aweze kupima. Wekeni katika marekebisho hayo hayo utaratibu wa kuwarudisha mahakamani waliokwisha kuhukumiwa ili wapangiwe adhabu upya. Ingizeni ile miaka mitatu ya Tume ya Haki Jinai. Serikali isipoleta muswada, Kanuni za Bunge zinamruhusu mbunge kuleta wake binafsi, na ingefaa sana ukitoka kwa mbunge wa Temeke au wa Kinondoni.

Kabla ya hapo, njooni Keko siku ya kuona mahabusu, bila msafara. Pangeni foleni kuanzia nyuma. Mama wa Mbagala Rangi Tatu atakuwepo na hotipoti yake, na ukimwuliza tarehe ya kesi ya mwanawe anaijua kwa kichwa, hii ijayo na zile zote zilizopita.